Mistari miwili ikikatana kwenye grafu ya mwendokasi na wakati, je, magari yamekutana barabarani?

#1 Mwanagenzi
Salaam wakuu. Naomba tujadili swali lililogawa kikundi chetu cha kujisomea. Grafu ina mhimili wa wakati chini, kwa sekunde, na mhimili wa mwendokasi wima, kwa mita kwa sekunde. Lori linapita mstari wa kuanzia likiwa na mwendokasi wa 15 usiobadilika, kwa hiyo mstari wake umelala. Papo hapo gari dogo linaondoka pale pale likiwa limesimama, linaongeza mwendo sawasawa hadi kufikia 20 katika sekunde ya 10, kisha linabaki na 20 hiyo. Mistari inakatana katika sekunde ya 7.5. Nusu ya kikundi inashikilia kwamba hapo ndipo gari dogo lilipolifikia lori. Nusu nyingine inakataa, lakini nayo haikubaliani ni lini basi lililifikia. Ninayo pia grafu ya pili, ya kweli, iliyotoka kwenye kifaa cha kurekodi mwendo wa lori, nami nitaileta tukishamaliza hii.

#2 Kipimapembe
Mistari kukatana kwenye grafu ya aina hii kuna maana moja tu: katika nukta hiyo ya wakati magari yote mawili yana mwendokasi ule ule. Grafu inaeleza gari linakwenda kwa kasi gani, haielezi liko wapi. Ingekuwa grafu ya umbali na wakati, na umbali umepimwa kutoka mstari mmoja, hapo makutano ya mistari yangekuwa kweli makutano ya magari. Wengi hufundishwa kwanza ile ya umbali, wakaizoea, kisha wakaisoma hii kwa macho ya ile.

#3 Hesabati
Niongeze tarakimu kwenye alichosema Kipimapembe. Umbali ni eneo lililo kati ya mstari na mhimili wa wakati. Hadi sekunde ya 7.5 lori lina mstatili wa 15 kwa 7.5, yaani mita 112.5. Gari dogo lina pembetatu yenye kitako kile kile na kimo kile kile, kwa hiyo lina nusu ya hapo, mita 56.25. Basi pale mistari inapokatana, gari dogo liko nyuma kwa mita 56.25. Ifikapo sekunde ya 10, lori limekwenda mita 150 na gari dogo mita 100. Kuanzia hapo gari dogo linapunguza pengo kwa mita 5 kila sekunde, hivyo linahitaji sekunde 10 nyingine. Yanakutana katika sekunde ya 20, kila moja likiwa limekwenda mita 300.

Ukitaka kulithibitisha kwa macho bila kujumlisha umbali wote, tazama maeneo mawili yaliyo kati ya mistari. Kabla ya makutano kuna pembetatu ya mita 56.25 ambayo lori limeitangulia. Baada ya makutano kuna kipembetatu cha mita 6.25 na mstatili wa mita 50 ambavyo gari dogo linalipiza. Maeneo hayo yakishalingana, deni limekwisha na magari yako sambamba.

#4 Dereva_Masafa
Hesabati amesema kweli, nami nauthibitisha kutoka nyuma ya usukani. Hizo mita 56.25 ndizo pengo kubwa kuliko yote katika safari hiyo, na linatokea hasa pale mistari inapokatana. Abiria hudhani kwamba dereva akishakanyaga mafuta basi ameanza kulikaribia gari la mbele. Sivyo. Maadamu gari la mbele lina mwendo mkubwa kuliko wako, linazidi kukuacha hata kama injini yako inanguruma kwa nguvu zote. Unaliona likizidi kuwa dogo, kisha kwa kitambo kifupi linaonekana kama limeganda mahali pamoja machoni pako, ndipo linaanza kukua. Kile kitambo cha kuganda ndicho sekunde ya 7.5 ya Mwanagenzi.

#5 Mwalimu_Zamu
Asante, Dereva, hilo la kuganda nitalitumia darasani. Kosa la kikundi cha Mwanagenzi lina ndugu yake, nalo ni kubwa zaidi: kuisoma grafu kama picha ya barabara. Mpe mwanafunzi mstari unaopanda, ukalala, kisha ukashuka, naye atakuambia kwamba gari lilipanda kilima, likapita tambarare, likateremka. Mtafiti wa Marekani, Robert Beichner, alichapisha mwaka 1994 jaribio maalumu la kupima jinsi wanafunzi wanavyozifasiri grafu za mwendo, na kosa hili la kuiona grafu kama picha ni mojawapo ya yale anayoyajadili, pamoja na lile la kuchanganya mwinamo wa mstari na kimo chake.

Hili la mwinamo na kimo ndilo linalonisumbua zaidi. Nikiuliza ni wapi gari lina mchapuko mkubwa, yaani ni wapi linaongeza mwendo kwa haraka zaidi, vidole vinakwenda kwenye kilele cha mstari, mahali ambapo mara nyingi mchapuko ni sifuri kabisa kwa sababu hapo mstari umelala. Mchapuko mkubwa uko pale mstari unapopanda wima zaidi, na hapo gari huenda bado linatambaa.

#6 Kalamu_Nyekundu
Kabla hatujaenda mbali, naomba kila anayekokotoa eneo aangalie kwanza vipimo vya mihimili. Nimesahihisha kazi nyingi ambazo mhimili wima uko kwa kilomita kwa saa na wa chini uko kwa sekunde, na mwanafunzi anazidisha moja kwa moja. Gari lenye kilomita 72 kwa saa kwa sekunde 10 linaandikiwa umbali wa 720, na hakuna anayejiuliza ni 720 za nini. Gawa 72 kwa 3.6 upate mita 20 kwa sekunde, na umbali ni mita 200.

#7 Msomi_wa_Kale
Ile pembetatu ya Hesabati ambayo ni nusu ya mstatili ina historia ndefu. Wanazuoni wa chuo cha Merton kule Oxford, katika karne ya 14, walikwishasema kwamba kitu kinachoongeza mwendo sawasawa husafiri umbali ule ule ambao kingesafiri kwa mwendo wake wa katikati katika muda ule ule. Katika karne hiyo hiyo Nicole Oresme wa Ufaransa akalithibitisha kwa mchoro: aliulaza muda kama mstari, akasimamisha mwendo juu yake kama vimo, kisha akaonyesha kwamba pembetatu na mstatili wenye nusu ya kimo chake vina eneo sawa. Yote hayo yalifanyika karne nyingi kabla ya gari la injini.

#8 Mwanagenzi
Asanteni, kikundi kimeridhika na sekunde ya 20. Ila mmoja wetu anauliza: mstari ukishuka chini ya mhimili wa wakati, eneo lake linajumlishwa au linatolewa?

#9 Hesabati
Inategemea unachoulizwa. Chini ya mhimili gari linarudi nyuma. Ukiulizwa gari liko umbali gani kutoka lilipoanzia, toa. Ukiulizwa magurudumu yamezunguka barabarani umbali gani kwa jumla, jumlisha. Na mjihadhari: mstari unaoteremka ungali juu ya mhimili ni gari linalopunguza mwendo huku likiendelea mbele. Halijageuka bado. Linageuka pale tu mstari unapouvuka mhimili.

#10 Dereva_Masafa
Na mshale wa spidi kwenye dashibodi hauendi chini ya sifuri hata ukirudi kinyumenyume, kwa hiyo grafu iliyochorwa kutokana na mshale huo haiwezi kukuonyesha kurudi nyuma. Itaonyesha kilima kingine tu.

#11 Mkaguzi_Magurudumu
Dereva amegusa jambo la msingi: lazima ujue grafu imetoka kwenye chombo gani. Takografu za zamani, yaani vifaa vya kurekodi mwendo wa malori, zilichora kwenye karatasi ya duara, wakati ukizunguka na mwendokasi ukipimwa kutoka upande wa katikati kwenda ukingoni. Kwenye duara kama hilo kanuni ya eneo haifanyi kazi, kwa sababu dakika moja inachukua nafasi pana zaidi karibu na ukingo kuliko karibu na katikati. Mtu akikokotoa eneo la karatasi ile atapata umbali wa uongo. Ndiyo maana karatasi hiyo ilikuwa na mchoro mwingine pembeni, wa mistari ya kupanda na kushuka kama meno ya msumeno, ambapo kila mstari mmoja wa kupanda au wa kushuka ulihesabika kama kilomita 5.

Jambo la pili ni breki. Katika ripoti zetu grafu ya kusimama kwa dharura huwa na sehemu mbili: kipande kilicholala, ambacho ni muda wa dereva kuona hatari na kufikisha mguu kwenye breki, kisha mteremko hadi sifuri. Tuseme kipande kilicholala ni sekunde 1, na breki kwenye lami kavu zinapunguza mita 7.5 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde unapata mstatili wa mita 15 na pembetatu ya mita 15, jumla mita 30. Ongeza mwendo mara mbili, uwe 30. Mstatili unakuwa mita 30, lakini pembetatu imekuwa ndefu mara mbili na pana mara mbili, kwa hiyo ni mita 60. Jumla ni mita 90, mara tatu ya mwanzo.

Na katika pembetatu hiyo ya mita 60, sekunde 2 za kwanza kati ya 4 zinakula mita 45. Ninasikitika kila ninapoichora, kwa sababu inaonyesha jinsi umbali mwingi unavyokwisha gari likiwa bado na kasi kubwa.

#12 Mwendesha_Treni
Mkaguzi, pembetatu yako ina kona kali mwishoni, pale mstari unapogonga sifuri. Kona hiyo abiria wanaihisi. Ukishikilia breki kwa nguvu ile ile hadi treni isimame kabisa, mchapuko unatoweka ghafla, na waliosimama wanarushwa kinyumenyume. Kwa hiyo tunafundishwa kulegeza breki kidogo kidogo katika mita za mwisho. Ukiitazama grafu ya dereva mzuri, mstari unateremka wima, kisha unapinda taratibu na kuugusa mhimili kama unaulalia. Grafu za vitabuni zenye kona kali ni za kurahisishia hesabu tu.

#13 Mwanagenzi
Nashukuru. Sasa nailetea baraza grafu ya pili. Lori lilikuwa na uzito wa tani 15 pamoja na mzigo. Kifaa kinaandika mwendokasi kila sekunde, kwa kilomita nzima kwa saa. Mstari unaanza sifuri, unapanda kwa kasi, kisha kuna vidato vifupi vilivyolala, na baada ya kila kidato mstari unapanda kwa mwinamo mdogo kuliko ule uliotangulia. Karibu na kilomita 70 kwa saa unakaribia kulala kabisa, ingawa dereva anasema mguu wake ulikuwa umekanyaga mafuta hadi mwisho. Kwa nini unalala?

#14 Kipimapembe
Hewa. Ukinzani wa hewa unaongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendokasi: mwendo mara mbili, ukinzani mara nne. Mwishowe kani ya injini, yaani msukumo wake, inalingana na ukinzani na mchapuko unakuwa sifuri.

#15 Hesabati
Nakubali kwamba hewa ipo, lakini tuipime. Kwa lori la umbo la kawaida, kwa mita 20 kwa sekunde, ukinzani wa hewa ni karibu nyutoni 1,300 (nyutoni ni kipimo cha kani). Tukichukulia injini inafikisha kilowati 200 kwenye magurudumu, kani yake kwa mwendo huo ni nguvu hiyo kugawanywa kwa mwendokasi, yaani nyutoni 10,000. Hewa inachukua kama sehemu moja ya nane tu. Sababu kubwa iko kwenye ule mgawanyo wenyewe: nguvu ya injini ikiwa ile ile, kani inapungua kadiri mwendokasi unavyoongezeka. Kwa mita 10 kwa sekunde kani ni 20,000, kwa mita 20 ni nusu yake. Mstari lazima upinde hata pasipo na hewa kabisa.

#16 Fundi_Gia
Hesabati, hesabu yako inachukulia kwamba injini inatoa nguvu yake yote wakati wote, na mimi ninayezifungua injini hizo nasema haifanyi hivyo. Ndani ya gia moja msukumo wa injini ya dizeli hubaki karibu sawa katika sehemu kubwa ya mzunguko wake, kwa hiyo mstari ndani ya gia moja unapaswa kuwa umenyooka, usiopinda. Unachokiona ni vipande vilivyonyooka, kila kimoja na mwinamo wake, kwa sababu kila gia ya juu inapeleka kani ndogo zaidi kwenye magurudumu. Vile vidato ni klachi ikikanyagwa kubadili gia. Mwanagenzi atuambie: kati ya kidato na kidato mstari umenyooka au umepinda?

#17 Mwalimu_Zamu
Fundi kila swali hulipeleka gereji, na mara hii ametupatia kipimo kizuri. Mwaweza pia kuchora kipeo cha pili cha mwendokasi dhidi ya wakati. Nguvu ikiwa haibadiliki na ukinzani ni mdogo, mchoro huo utakuwa mstari ulionyooka.

#18 Mwanagenzi
Nimevifanya vyote viwili. Katika gia za chini vipande vinaonekana vimenyooka, lakini ni vifupi mno na siwezi kuapa. Kile cha mwisho, ambacho ni kirefu, kimepinda wazi. Mchoro wa kipeo cha pili umenyooka katikati, kisha unainama sana kuelekea mwisho.

#19 Kipimapembe
Kuinama huko mwishoni ndiko ninakokusema tangu mchango namba 14.

#20 Fundi_Gia
Na kunyooka kwa gia za chini ndiko ninakokusema mimi.

#21 Binti_Mizani
Kabla hamjagawana ushindi, kumbukeni mkono wa kifaa. Vifaa vingi husawazisha vipimo vya sekunde kadhaa kabla ya kuandika, na kufanya hivyo kunapindisha kona zilizokuwa kali. Siamini kwamba kunaweza kuulaza mstari kwa nusu dakika, lakini kunaweza kabisa kuvifanya vipande vilivyonyooka vya Fundi vionekane vimepinda.

#22 Dereva_Masafa
Wote mmeisahau barabara. Mwalimu alituonya tusiione grafu kama kilima, nanyi mmekwenda upande wa pili mkasahau kwamba kilima kinaweza kuwepo bila grafu kukitaja. Kwa lori la tani 15, mwinuko wa mita 3 kwa kila mita 100, ambao mwenye gari dogo hata hautambui, unavuta nyuma kwa karibu nyutoni 4,400. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya hewa ya Kipimapembe. Mimi nikiona lori lenye mzigo linagoma kwenye 70 huku mafuta yamekanyagwa, jambo la kwanza ninalouliza ni mwinuko.

#23 Hesabati
Hoja ya Dereva ina uzito, na grafu yenyewe ina mahali pa kuipimia. Klachi ikikanyagwa injini haisukumi, kwa hiyo mwinamo wa kidato ni ukinzani mtupu. Kwenye tambarare, karibu na mita 18 kwa sekunde, hewa na msuguano wa matairi kwa pamoja vinapunguza kama mita 0.14 kwa sekunde katika kila sekunde, yaani nusu kilomita kwa saa. Kukiwa na mwinuko wa Dereva, upungufu unafika kilomita 1.6 kwa saa katika kila sekunde. Kidato cha mwisho kimeshuka kwa kiasi gani?

#24 Mwanagenzi
Kimeshuka kwa kilomita 1 kwa saa. Vile vya mwanzo havikushuka hata kidogo.

#25 Binti_Mizani
Na kifaa kinaandika kilomita nzima tu. Hiyo 1 inaweza kuwa nusu iliyopandishwa, na inaweza kuwa 1.4 iliyoshushwa.

#26 Dereva_Masafa
Basi tafuta rekodi ya lori hilo hilo likirudi kwa barabara hiyo hiyo. Kama ni mwinuko, wakati wa kurudi utakuwa mteremko.

#27 Kipimapembe
Upepo nao hugeuka. Ukiwa umekuja usoni wakati wa kwenda, utasukuma mgongoni wakati wa kurudi, na grafu haitakuambia ni upi kati ya hivyo viwili.

#28 Mwanagenzi
Rekodi ya kurudi ipo, lakini lori lilirudi tupu, likiwa na tani 7 hivi.

#29 Hesabati
Utupu huo ni msaada. Mchango wa mwinuko katika mchapuko hautegemei uzito: ni mita 0.3 kwa sekunde katika kila sekunde kwa lori lililojaa na kwa lori tupu. Mchango wa msuguano wa matairi nao unabaki karibu ule ule. Wa hewa ndio unaoongezeka zaidi ya mara mbili, kwa sababu kani ni ile ile na tani zimepungua. Tafuta kidato kwenye kipande kile kile cha barabara, kwa mwendo ule ule. Ikiwa ni hewa na matairi tu, kitashuka kwa karibu kilomita 0.8 kwa saa katika kila sekunde. Ikiwa ni mwinuko uliogeuka mteremko, hakitashuka. Huenda kikapanda kidogo.

#30 Fundi_Gia
Hesabu zote hizo zinachukulia kwamba klachi ilikanyagwa kwa sekunde 1 kamili. Dereva mzito wa mguu hukaa nayo sekunde 2, na hapo hewa na matairi tu vinatosha kuishusha ile kilomita 1 ya Mwanagenzi. Nipe kwanza urefu wa vidato, vya kwenda na vya kurudi, ndipo tuzungumze habari za mteremko.